Mwongozo Kamili wa Kuutembea Mji wa Iskandaria kwa Siku Moja: Historia na Vyakula Vyake

Wasafiri wanaokwenda Iskandaria kwa siku moja, wakiwemo wanafunzi wetu wanaosoma Kairo, mara nyingi hurudi na lalamiko lile lile: bahari waliiona, upepo waliupata, lakini historia iliwapita, na samaki waliyemla wangeweza kumla popote. Sababu yake haijifichi. Hushuka kwenye treni na kukimbilia ngome ya Qaitbay, hula mlo mzito saa sita mchana, na wanapoyakumbuka makaburi ya chini ya ardhi ikiwa imekaribia saa kumi, mlango unafungwa.

Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo. Iskandaria iliyoanzishwa na Aleksanda Mkuu mwaka 331 KK haionekani ovyo kama Roma au Athens. Sehemu yake kubwa imelala chini ya mitaa ya leo, na sehemu nyingine imezama bandarini. Kwa hiyo asubuhi utakuwa chini ya ardhi, mchana mitaani, na jioni baharini. Na badala ya kula mara moja kwa wingi, utakula kidogo kidogo hadi mlo wa mwisho.

## Mahitaji

- Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi yako. Maeneo mengi ya kale nchini Misri sasa hupokea kiingilio kwa kadi tu, na mwenye fedha taslimu pekee hugeuzwa langoni.
- Noti ndogo za paundi za Misri. Muuza maini na dereva wa teksi hawana chenji ya noti kubwa, au husema hawana.
- Pasipoti, na kadi halali ya mwanafunzi kama unayo. Kadi hiyo hupunguza kiingilio kwa nusu katika maeneo mengi.
- Viatu visivyoteleza. Ngazi za makaburini zina unyevu.
- Koti jepesi, hata kama Kairo umeiacha ikiwa na jua, na mtandio kwa mwanamke atakayeingia misikitini.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, yenye majina haya: Kom el-Shoqafa, Amud el-Sawari, Kom el-Dikka, Mahattat el-Raml, Qaitbay.

Hakikisha saa za kufungua na kufunga kila mahali siku moja kabla, kwa sababu hubadilika kulingana na msimu na mwezi wa Ramadhani.

## Kuchagua siku

Epuka Ijumaa, kwa kuwa asubuhi yake ni ya kimya na sala ya adhuhuri hukata siku katikati. Ramadhani ina raha yake usiku, lakini haifai kwa mwongozo huu ambao nusu yake ni kula mchana.

Kuanzia Novemba hadi Machi mji hupigwa na dhoruba ambazo wenyeji huziita *nawwa*, na kila moja ina jina na majira yake. Ikitabiriwa nawwa, ahirisha safari: maji hufurika barabarani, na mawimbi huruka juu ya ukuta wa barabara ya pwani.

## Hatua ya 1: Shuka katika kituo sahihi

Treni kutoka kituo cha Ramses, Kairo, huchukua kati ya saa mbili na nusu na tatu. Panda ya alfajiri, au lala Iskandaria usiku wa kuamkia matembezi, jambo ambalo ni bora zaidi.

Onyo: treni husimama kwanza Sidi Gaber, na abiria wengi hushuka hapo. Usiwafuate. Kituo chako ni cha mwisho, yaani Mahattat Misr, ambacho kiko karibu na maeneo yote ya asubuhi. Reli hii ndiyo ya kwanza kujengwa barani Afrika. Kipande chake cha mwanzo kilifunguliwa mwaka 1854, na kikafika Kairo mwaka 1856.

Utajua umefaulu ukitoka nje ya kituo na kuona, umbali wa dakika chache kwa miguu, uzio wa magofu ya Kom el-Dikka. Usiingie bado.

## Hatua ya 2: Kula ful, lakini usishibe

Tembea au chukua teksi, ambazo hapa zina rangi nyeusi na manjano, hadi mitaa ya karibu na Mahattat el-Raml, na utafute mkahawa wa ful wenye watu wengi waliosimama wakisubiri. Ful ni maharagwe mapana yaliyochemshwa usiku kucha kwa moto mdogo hadi yakalainika kabisa. Agiza *ful iskandarani*: hupondwa na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, pilipili, tahina (rojo la ufuta uliosagwa) na limau, tofauti na ful ya Kairo ambayo mara nyingi huja na mafuta na bizari nyembamba tu.

Ongeza vipande viwili vya falafel. Kairo ungeziita *ta'amiya*, lakini hapa watu husema falafel, ingawa nazo ni za maharagwe yale yale na si dengu za Sham.

Sahani moja igawanywe kwa watu wawili. Ful hukaa tumboni kwa muda mrefu, na hatua inayofuata ina ngazi 99 za kushuka na hizo hizo za kupanda. Ukitoka mkahawani ukihisi ungeweza kula tena kiasi hicho hicho, umekula sawasawa.

## Hatua ya 3: Kom el-Shoqafa, saa tatu asubuhi

Chukua teksi hadi mtaa wa Karmouz, na uafikiane bei kabla ya kuingia. Fika lango linapofunguliwa. Makundi ya watalii kutoka Kairo huanza kuwasili katikati ya asubuhi, na vyumba vya chini ni vyembamba kiasi kwamba basi moja la watu hutosha kuviharibu.

Makaburi haya ya Kom el-Shoqafa yalichongwa ndani ya mwamba katika karne ya 2 BK, na yaligunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni. Ngazi hulizunguka shimo la katikati, ambalo maiti ziliteremshwa ndani yake kwa kamba. Ukifika chini usiukimbilie mlango wenye sanamu. Geukia kwanza kushoto, kwenye ukumbi wenye vitanda vya mawe pande tatu.

Ukumbi huo ulikuwa chumba cha kulia. Jamaa wa marehemu walikuja siku za kumbukumbu, wakajiegemeza kwa desturi ya Kirumi, wakala na kunywa humo chini. Vyombo walivyotumia hawakuvirudisha nyumbani. Walivivunja na kuviacha, na lundo la vigae hivyo ndilo lililokipa kilima jina lake la Kiarabu. Chakula katika mji huu hakikuwa jambo la pembeni, na hapa ushahidi wake umechongwa katika mwamba.

Sasa nenda kwenye kaburi kuu, ukatazame pande zote mbili za mlango. Utamwona Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, akiwa amevaa mavazi ya askari wa Kirumi. Utaona pia nyoka wa Kigiriki waliovishwa taji la Mafarao, na juu yao ngao zenye uso wa Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka. Aliyeagiza kazi hii hakuona shida kuzikwa kwa dini tatu kwa pamoja, na nadhani hakuna maandishi ya mwanahistoria yanayoieleza Iskandaria vizuri kuliko mlango huu.

Ghorofa ya chini kabisa ilizama kwa miaka mingi katika maji ya ardhini, hadi mradi wa kuyapunguza ulipokamilika mwaka 2019. Sakafu bado huweza kuwa na utelezi. Mwenye pumu au hofu ya sehemu zilizofungika abaki kwenye ukumbi wa juu.

Utajua umefaulu ikiwa umeuona ukumbi wa kulia kabla ya sanamu, na umetoka nje kabla ya saa nne na robo.

## Hatua ya 4: Nguzo na Serapeum

Tembea kwa miguu dakika kumi hivi hadi Amud el-Sawari. Nguzo moja ya itale nyekundu ya Aswan, yenye urefu wa karibu mita 27 pamoja na kitako na kichwa chake, imesimama peke yake juu ya kilima. Wazungu waliihusisha na Pompey, jemadari wa Kirumi, kwa makosa. Ilisimamishwa kwa heshima ya mfalme wa Kirumi Diocletian, mwishoni mwa karne ya 3.

Wengi hupiga picha na kuondoka, nao hukosa jambo kubwa. Nguzo hii ilisimama ndani ya hekalu la mungu Serapis, yaani Serapeum, ambalo lilihifadhi maktaba ya pili ya mji, tawi la ile Maktaba Kuu ya kale. Hekalu liliangamizwa mwaka 391. Kwa anayetafuta mahali vitabu vya Iskandaria vilipokuwepo hasa, mahali anapoweza kupakanyaga kwa miguu yake, ni hapa, wala si kwenye jengo jipya la maktaba lililoko pwani. Shuka kwenye mapito ya chini ya kilima ukayaone matundu ukutani.

Nusu saa inatosha. Hakuna kivuli, kwa hiyo kunywa maji.

## Hatua ya 5: Kom el-Dikka na barabara ya Fouad

Rudi kwa teksi hadi jirani ya kituo cha treni. Katika miaka ya 1960, watafiti kutoka Poland walipokuwa wakichimba kilima cha vifusi, walikuta ukumbi wa duara nusu wenye safu 13 za viti vya marumaru. Ndio picha inayouzwa kwenye kadi, na ni mzuri kweli.

Hata hivyo, ukishauona, tembea kando yake kwenye mstari wa vyumba vyenye mabenchi ya mawe yaliyopangwa kwa umbo la kwato ya farasi, na kiti kimoja kilichoinuliwa katikati. Hayo ni madarasa ya karne ya 5 na ya 6. Mwalimu alikaa juu, wanafunzi wakamzunguka. Mtu aliyesoma madrasa pwani yetu atakaa pale chini bila kuambiwa.

Kama nguvu zipo, lipia pia jumba lenye sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa kuwa picha za ndege.

Ukitoka, ingia barabara ya Fouad, ambayo siku hizi pia huitwa Hurriya, ukielekea mashariki. Barabara hii imefuata mkondo wa njia kuu ya mji wa kale, ule ule ambao misafara iliufuata kutoka lango moja hadi jingine. Karibu nayo kuna Jumba la Makumbusho la Kigiriki na Kirumi, lililoanzishwa mwaka 1892, likafungwa mwaka 2005, na kufunguliwa upya Oktoba 2023. Lipe saa moja, usizidishe. Usijaribu kusoma kila kibao. Tafuta sanamu ya fahali Apis iliyotoka katika hekalu la Serapis, kwa sababu umetoka kusimama mahali ilipopatikana.

## Hatua ya 6: Maini, yakiwa ya moto

Sasa ni saa saba na nusu, na ful ya asubuhi imekwisha kazi. Chakula cha hatua hii ni *kibda iskandarani*: maini ya ng'ombe yaliyokatwa vipande vyembamba, yakakaangwa kwa moto mkali pamoja na kitunguu saumu, pilipili mbichi na bizari nyembamba, kisha yakatiwa ndani ya mkate mrefu mwororo na kukamuliwa limau. Huliwa kwa kusimama, na achari pembeni.

Maini hayasamehe uzembe, kwa hiyo zingatia mambo mawili. Nunua mahali yanapokaangwa mbele ya macho yako, na penye foleni, kwa kuwa foleni maana yake nyama haikai. Ukiona sinia la maini yaliyopikwa tangu asubuhi yakipashwa tu, pita. Asiyetaka pilipili aseme *min gher shatta*.

Mikate ni midogo, agiza miwili. Maini mazuri hukatika kwa meno bila kuvuta, na katikati yamebadilika rangi lakini hayajakauka.

## Hatua ya 7: Kahawa ya Raml, na uamuzi mmoja

Shuka hadi Mahattat el-Raml. Minara miwili ya Mafarao iliyopewa jina la Kleopatra ilikuwa karibu na hapa hadi karne ya 19. Mmoja ulisimikwa London mwaka 1878 na mwingine New York mwaka 1881. Palipobaki pana hoteli, magari na wauza magazeti.

Kaa kwenye mkahawa mmojawapo wa zamani. Délices upo tangu 1922, zama ambazo Wagiriki, Waitaliano, Washami na Mayahudi waliishi mji huu kwa maelfu, na keki zake bado zina ladha ya zama hizo. Agiza kahawa kwa kutaja sukari: *sada* ni bila sukari, *mazbut* ni kiasi, *ziyada* ni tamu sana. Usipotaja, utaletewa anavyopenda mpishi.

Hapa ndipo pa kuamua. Maktaba mpya ya Iskandaria, iliyofunguliwa Oktoba 2002, iko upande wa mashariki. Ngome ya Qaitbay iko magharibi. Vyote viwili kwa mchana mmoja ni vigumu. Shauri langu ni kuiacha maktaba kwa siku nyingine, kwani ni jengo la fahari lenye ukuta wa itale uliochorwa herufi za lugha nyingi za dunia, na linastahili asubuhi yake lenyewe. Usiitegemee tramu ya Raml kukufikisha popote, kwa kuwa njia yake imo katika mpango wa kujengwa upya, tumia teksi.

## Hatua ya 8: Qaitbay kabla ya kufungwa

Fika ngomeni kabla ya saa tisa na nusu. Kutoka Raml ni mwendo wa takriban kilomita tatu ukiizunguka Bandari ya Mashariki, na ni mwendo mzuri kwa miguu kama upepo si mkali. Maji unayoyatazama kuliani yameficha mtaa wa kifalme wa akina Ptolemy, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, uliodidimia kwa matetemeko, na ambao wapiga mbizi walianza kuuchora kwa utaratibu katika miaka ya 1990. Madereva wa magari ya farasi watakufuata. Kama huhitaji, kataa mara moja kwa adabu na usisimame.

Sultani Qaitbay aliijenga ngome hii mwaka 1477 juu ya msingi wa Mnara wa Taa wa Pharos, uliokamilika karibu mwaka 280 KK na kuzidi mita 100 kwa kimo. Tafuta ukutani na milangoni mapande ya itale nyekundu yasiyolingana na chokaa nyeupe inayoyazunguka. Huaminika kuwa ni masalia ya mnara.

Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1326 akakuta upande mmoja wa mnara umebomoka. Mwaka 1331 alikuwa Mombasa na Kilwa. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349 mnara ulikuwa umeharibika kiasi cha kutoingilika tena. Aliyeziandikia pwani zetu ni miongoni mwa mashahidi wa mwisho wa ajabu hii, na ukijua hilo mapande yale mekundu hayatakuwa mawe tu.

## Hatua ya 9: Misikiti ya Anfushi

Rudi kwa miguu kupitia Anfushi. Kando ya maji kuna karakana za majahazi na boti za mbao, na mtu wa Lamu au Tumbatu atachelewa hapo, aruhusiwe.

Jipange kufika uwanja wa misikiti kabla ya magharibi. Mkubwa ni wa Abu al-Abbas al-Mursi, mtu wa Murcia, Andalusia, mwanafunzi wa Abu al-Hasan al-Shadhili, ambaye twariqa yake ina wafuasi hadi Komoro, Zanzibar na Kilwa. Jengo la sasa ni la karne ya 20, kazi ya msanifu Mwitaliano Mario Rossi.

Wengi hawavuki uwanja kwenda msikiti mdogo unaoukabili, na hilo ni kosa kwa msomaji wa Kiswahili hasa. Humo ndimo alimozikwa Imamu al-Busiri, mtunzi wa kasida za Burda na Hamziya. Hamziya ilitafsiriwa na Sayyid Aidarus wa Pate, na tafsiri hiyo ni miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili tulizonazo. Vua viatu, nyamaza, na usipige picha za watu wanaosali au kuzuru.

## Hatua ya 10: Samaki, na jinsi ya kumwagiza

Sasa kula. Katika mitaa ya Anfushi na Bahary samaki hawaagizwi kwa menyu. Utaongozwa kwenye meza ya barafu, na wewe ndiye utakayechagua.

Kwanza, tazama macho na mashavu. Macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu ndani. Kisha chagua aina. *Bolti* ni sato, na kwa mtu wa Mwanza au Kisumu hakuna sababu ya kuvuka jangwa kumla. *Buri* ni mkizi. Ana mafuta na hufaa kuchomwa. *Denis* ana umbo la kukaribiana na changu na nyama nyeupe isiyo na miiba mingi, kwa hiyo ndiye wa kuanza naye. *Gambari* ni kamba, *sobeit* ni ngisi.

Pili, aliyechaguliwa apimwe mbele yako, na bei ya kilo pamoja na ada ya upishi itajwe kabla hajaondoka mezani. Magomvi karibu yote ya bili huanzia hapa. Omba iandikwe.

Tatu, taja upishi. *Ma'li* ni wa kukaangwa. *Mashwi* ni wa kuchomwa, na hapa mara nyingi hupakwa pumba za ngano kabla ya kuwekwa motoni, ili ngozi iungue badala ya nyama. Usishtuke akija mweusi, mbandue. *Singari* hupasuliwa mgongo, akafunikwa nyanya, pilipili na vitunguu, akaokwa. Mkiwa watu wawili, chukueni mmoja wa mashwi na mmoja wa singari.

Nne, agiza wali wa *sayadiya*. Rangi yake ya kahawia haitokani na viungo bali na vitunguu vilivyokaangwa hadi karibu na kuungua, kisha vikachemshwa na mchele. Wali uliopikwa vizuri una utamu wa kitunguu na uchungu kidogo sana nyuma yake. Ukiwa mchungu tangu mwanzo, vitunguu viliungua. Mkate, tahina, saladi na achari huja vyenyewe, na huingizwa katika bili.

Utajua umefaulu samaki atakapoachana na mfupa kwa kuguswa tu, na hesabu ya mwisho itakapolingana na karatasi uliyoandikiwa. Kama unarudi Kairo usiku huo huo, tiketi iwe imekatwa tangu asubuhi, na uondoke Anfushi saa moja kamili kabla ya treni, kwa kuwa barabara ya pwani hujaa magari jioni na kituo kiko upande wa pili wa mji.